Kingereza na udanganyifu: maneno yenye kila mutu wa huku anapaswa kujua

Ku Bunia, Beni, Butembo, Goma, Bukavu ao Uvira, Kingereza hakiko tena luga ya watu wa mbali. Wafanyabiashara wanapita Kasindi kwenda kutafuta bidhaa Kampala. Vijana wanatafuta kazi ku mashirika yenye yanaandika matangazo yao kwa Kingereza. Familia nyingi ziko na ndugu ku makambi ya wakimbizi Uganda, kama vile Nakivale na Kyangwali, kwenye karatasi nyingi zinaandikwa kwa Kingereza. Na ku telefone, mesaji za Kingereza zinaingia hata kwa mutu mwenye hajawahi kuvuka mupaka.

Kati ya hizo mesaji, zingine ni mutego. Na mutego wenye umeandikwa kwa luga yenye haujue vizuri unakamata mbio. Juu ya hiyo, tumekusanya hapa maneno ya Kingereza yenye yanazungumuzia uongo, hila na udanganyifu: maana yake, kwenye yalitokea, na tofauti yake na Kifaransa chenye tulifundishwa ku masomo. Kifaransa kinatusaidia sana kuelewa Kingereza, lakini mara ingine ndicho kinatupoteza.

Maneno mawili yenye yanadanganya yenyewe

Neno la kwanza ni deception. Mutu mwenye alisoma Kifaransa anaona neno hilo, anafikiri anajua: déception ni kuvunjika moyo, ni huzuni ya kukosa kitu chenye ulikuwa unangojea. Hapana. Ku Kingereza, deception ni udanganyifu. Na kitendo chake, deceive, maana yake ni kudanganya.

Maneno yote mawili yalizaliwa na mama mumoja: neno la Kilatini decipere, lenye lilikuwa na maana ya kukamata mutu kwa hila. Zamani, Kifaransa pia kilitumia décevoir kwa kusema kudanganya. Kisha, polepole, kikatoka ku ule mwenye anadanganya, kikaenda ku moyo wa ule mwenye alidanganywa. Kingereza kilibakia na maana ya zamani.

Tofauti hiyo inaweza kuleta matata. Mukimbizi mwenye anajieleza mbele ya ofisa wa Kingereza, kama anasema deception na yeye anataka kusema tu kama alivunjika moyo, tayari ameshitaki mutu kuwa mwongo. Kwa kuvunjika moyo, Kingereza kiko na neno lake: disappointment.

Neno la pili ni fraud. Hapa Kongo, mutu akisema fraude, wengi wanafikiria mara moja magari yenye yanavuka mupaka usiku na kahawa, mafuta ao madini bila kulipa ushuru. Kwa ile biashara ya kuvukisha vitu kwa kujificha, Kingereza kinasema smuggling. Fraud ni kudanganya mutu, kampuni ao serikali kusudi upate mali ao faida yenye si haki yako. Kuficha coltan ndani ya mifuko ya unga ili ivuke ni smuggling. Kuandika karatasi ya uongo yenye inaonyesha kama ile coltan ilitoka ku chimbo lingine, hapo umefika ku fraud. Mara nyingi vyote viwili vinatembea pamoja, lakini ku karatasi ya Kingereza ni makosa mawili.

Maneno ya kuiba kwa akili

Scam. Hili ndilo neno la kila siku. Ni mupango wote wa kukula feza za mutu kwa uongo: tangazo, hadisi, mutu wa kujibu ku telefone, risiti ya bandia. Neno hili ni changa. Lilianza kuandikwa Marekani ku miaka ya 1960. Kama ku grupe ya WhatsApp mutu anaandika neno hilo chini ya tangazo, anataka kusema: hapa muchunge, ni wezi. Ule mwenye anafanya hivyo anaitwa scammer.

Con. Muangalie vizuri: ku Kifaransa ni tusi. Ku Kingereza ni kifupi cha confidence, ni kusema imani yenye mutu anaweka kwa mwenzake. Hadisi yake inajulikana. Mwaka wa 1849, ku New York, polisi walikamata mutu mumoja mwenye alijiita William Thompson. Alikuwa anakaribia watu ku barabara, amevaa vizuri, anazungumuza nao kama rafiki wa zamani, kisha anauliza kama wako na imani ya kutosha kumwachia saa yao mupaka kesho. Watu walimupa, na yeye akaenda. Magazeti yakamwita confidence man. Sheria yetu nayo iko na kosa lenye jina linafanana, abus de confiance, lakini hilo ni la mutu mwenye ulimuwekesha mali kwa haki, kisha yeye akaigeuza yake.

Swindle. Neno hili lilitoka ku Kijerumani ku karne ya 18. Schwindler alikuwa mutu mwenye kichwa kinamuzunguka, mwenye kuahidi mambo makubwa yenye hayana musingi. Leo linasemwa juu ya mutu mwenye anakula mali ya wengine kwa ahadi za uongo, zaidi katika biashara.

Cheat. Hili liko na maana tatu zenye zinatumiwa sana. Ku masomo, ni kukopia wakati wa egzame. Ku biashara, ni kupunguza kipimo, kama vile muuzaji mwenye anaingiza kidole ndani ya ekopo ya muchele. Ku ndoa, ni kukosa uaminifu kwa bibi ao bwana. Kwa hiyo ukisoma kama mwanaume fulani ali-cheat bibi yake, usitafute feza zenye zilipotea. Chanzo chake kinafundisha. Zamani ku Uingereza, mutu akikufa bila muriti, shamba lake lilirudilia mutawala, na jambo hilo liliitwa escheat. Wenye walitumwa kukamata hayo mashamba walizoea kudanganya na kunyanganya hata mali yenye iko na mwenyewe. Watu wakageuza jina la kazi yao kuwa jina la wizi.

Vitu vya bandia

Kwa vitu vyenye sisi tunaita faux, Kingereza kiko na maneno mengi, na kila moja liko na pahali pake.

Fake ni la jumla: viatu, diplome, dawa, habari, hata rafiki. Lilitoka ku luga ya siri ya wezi wa London, mwanzo wa karne ya 19.

Counterfeit ni kitu chenye kimetengenezwa kufanana na kingine kusudi kipite kama cha kweli, zaidi feza na bidhaa zenye ziko na marke. Dola ya bandia ni counterfeit. Ku Kifaransa tunasema contrefaçon. Ni maneno ya jamaa moja.

Forgery ni karatasi ao sinyatire ya uongo. Linatoka ku kazi ya kufua vyuma: mufuaji anatengeneza kitu kwa nyundo, na mutu wa hila naye anafua karatasi yake. Kama ofisa anaandika neno hilo juu ya dosie yako ya kuomba viza, jambo ni kubwa, juu ni kusema kama umetengeneza karatasi mwenyewe.

Bogus lilikuwa kwanza jina la mashini ya kutengeneza feza za bandia, Marekani ku miaka ya 1820. Leo linasemwa juu ya kitu ao mutu mwenye anajifanya kile hayuko: kampuni yenye haiko, muganga mwenye hakusoma.

Phoney, hili watu wa machimbo watalielewa mbio. Wataalamu wengi wa luga wanaona kama lilitoka ku neno la Kiirlandi fáinne, ni kusema pete. Ku Uingereza kulikuwa wezi wenye walichukua pete ya shaba, wakaipakaa dhahabu kidogo juu, wakaiangusha ku njia mbele ya mutu. Kisha mwizi anajifanya ameiokota pamoja naye, anamwambia: wewe chukua pete, mimi unipe feza kidogo tu, tugawane bahati. Mutu anafika nyumbani, anaikwangua, anakuta shaba. Ku muji yenye dhahabu inauzishwa, hila ya namna hiyo haikukufa. Ilibadilisha tu nguo. Kinachoangusha mutu ni haraka ya kupata vitu kwa bei ya chini, mbele ya kupima.

Juu ya dawa, tangu mwaka wa 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni linatenganisha maneno mawili. Falsified ni dawa ya uongo, yenye inadanganya kwa makusudi juu ya jina lake, vitu vya ndani ao kwenye ilitoka. Substandard ni dawa ya kampuni ya kweli lakini yenye haikufikia kipimo, ao iliharibikia njiani ao ku depo. Ukisoma onyo la Kingereza juu ya dawa fulani, angalia ni neno gani liko pale. La kwanza ni mwizi. La pili linaweza kuwa jua lenye lilipika karto ya dawa juu ya gari.

Ponzi: faida yenye inatoka ku mufuko wa jirani

Neno hili ni jina la mutu. Charles Ponzi alizaliwa Italia mwaka wa 1882, akafika Boston, Marekani, mwaka wa 1903. Mwaka wa 1920 aliambia watu kama ataongeza feza zao kwa asilimia 50 ndani ya siku 45, juu alikuwa na biashara ya kupona ya vipande vya posta vya inchi za kigeni. Biashara hiyo karibu haikukuwa. Wa kwanza walilipwa kwa feza za wenye walikuja nyuma. Wa kwanza walipofurahi wakaleta ndugu zao, na ndugu wakaleta majirani. Kabla ya mwaka kuisha, kila kitu kilianguka na Ponzi akaenda gereza.

Mwaka wa 2008, ku New York, Bernard Madoff alikamatwa kwa kosa la namna hiyo, la mamilioni elfu za dola, na mwaka wa 2009 akahukumiwa miaka 150. Kwetu wazee hawakusahau Bindo, yenye ilianguka ku Kinshasa wakati wa Zaïre, mwanzo wa miaka ya 1990, na ikaacha watu wengi bila akiba.

Kuko pia pyramid scheme. Inafanana, lakini hapa kila mutu anaombwa waziwazi kuingiza wengine ili apate feza. Alama ni moja kwa zote mbili. Uliza: faida inatoka wapi? Kama jibu ni watu wapya wenye watakuja, basi siku watu wapya watamalizika, feza nazo zimeisha. Na likelemba ya wa mama ku soko haiko Ponzi: kila mumoja anajua ni nani anatoa, ni nani anapokea, na hakuna mwenye anaahidiwa kupata zaidi ya chenye aliweka.

Maneno ya telefone

Phishing inasomwa sawa na fishing, kuvua samaki. Herufi ya mwanzo ilibadilishwa Marekani ku miaka ya 1990 na vijana wenye walizoea kuchezea mistari ya telefone na intaneti. Maana ni hii: mwizi anatupa ndoano kwa watu elfu, anangojea mumoja akamate. Anatuma mesaji yenye inafanana na ya banki ao ya kampuni ya telefone, na ndani yake kiunganishi. Ukibonyeza, unakuta paje yenye inakuomba kode yako ya siri. Ikipita kwa mesaji ya SMS, wanaiita smishing. Ikipita kwa sauti, ni vishing.

Spoofing ni kujivika jina ao namba ya mwingine. Ku skrini unaona jina lenye unajua, kumbe ni mutu mwingine. Kwetu inafanana na ile mesaji ya uongo ya feza, yenye inafuatwa mara moja na sauti ya huruma: "Mama, jambo. Nimekosea, nimetuma feza ku namba yako. Nisaidie unirudishie mbio, mutoto iko ku hospitali." Usisome mesaji tu. Angalia solde yako wewe mwenyewe mbele ya kurudisha hata franga moja.

Catfish ni jina la samaki, lakini ku intaneti ni mutu mwenye anatumia picha na maisha ya mwingine kutafuta mapenzi ao feza. Neno lilienea kisha filme ya Marekani yenye jina hilo, ya mwaka wa 2010.

Deepfake ni video ao sauti yenye imetengenezwa na ordinatere, yenye kuonyesha mutu anasema kitu chenye hakusema. Neno lilianza mwaka wa 2017. Sauti ya mukubwa fulani ku odio ya WhatsApp haitoshi tena kuwa ushuhuda.

419 ni namba, si neno, lakini Afrika yote inaijua. Ni kifungu cha sheria ya makosa ya Nigeria chenye kinazungumuzia kupata mali ya mutu kwa uongo. Inasemwa juu ya barua yenye kuahidi mamilioni, kisha kuomba feza kidogo ya kwanza ili milango ifunguke. Watu wanafikiri kama hila hiyo ilizaliwa na intaneti. Hapana. Ku karne ya 19 barua zilikuwa zinatoka Hispania kwenda Uingereza na Marekani: tajiri amefungwa gereza, saidia kumutoa, atakugawia hazina yake. Waliita hiyo Spanish Prisoner.

Maneno ya habari

Kwa sisi watu wa redio, na kwa kila mutu mwenye kutuma odio ku grupe ya familia, haya ndiyo ya lazima zaidi.

Misinformation ni habari ya uongo yenye mutu anasambaza bila kujua kama ni uongo. Disinformation ni habari ya uongo yenye mutu anasambaza kwa kusudi, na yeye anajua. Malinformation ni habari ya kweli yenye inatolewa inje ili kuumiza, kama vile kusambaza namba ya telefone na nyumba ya mutu mwenye ametoka ku matunzo.

Hapa mashariki tuliona faida ya kutenganisha hayo. Ebola yenye ilitangazwa Nord-Kivu tarehe 1 Agosti 2018, na kisha ikafika Ituri, ilimalizika tarehe 25 Juni 2020, kisha watu 3.470 kugonjwa na 2.287 kufa. Wakati huo watu wengi walisema kama ugonjwa hauko, ni biashara tu. Mama mwenye alirudilia maneno hayo juu aliogopa hakukuwa sawa na mutu mwenye aliyatunga juu ya siasa. Wa kwanza anahitaji mutu wa kumuelezea kwa heshima, kwa luga yake. Wa pili anahitaji sheria. Ukiwatendea wote kama wabaya, unapoteza wa kwanza, na wa pili anapata watu wa kumusikiliza.

Hoax nayo ni uongo mukubwa wenye umetengenezwa ili watu wengi wauamini. Mara ingine ni mubaya, mara ingine ni kicheko. Tarehe 1 Aprili 1957, televizyo ya BBC ilionyesha familia ya Uswisi yenye kuvuna spageti ku miti, na watu wamoja wakapiga telefone kuuliza namna ya kupanda mumea huo. Inaonekana neno hili lilitoka ku hocus pocus, maneno ya watu wa kiini macho.

Hila si kila siku zambi

Trick linaweza kuwa mutego, lakini pia ufundi: namna ya mbio ya kumenya vitunguu bila kulia ni trick. Bluff ni kujionyesha una nguvu zenye hauna, sawa vile muchezaji wa karata ao mutu mwenye anapatana bei. Prank ni mchezo wa kuchekesha rafiki. Hoodwink ni kufunika mutu macho kwa kitambaa, kisha ikawa kumudanganya. White lie ni uongo mudogo wa adabu, kama vile kusema chakula kilikuwa kitamu.

Ukisoma maneno haya, simama kwanza

Registration fee, processing fee: feza ya kuandikisha, feza ya dosie. Umoja wa Mataifa hauombe feza yoyote kwa mutu mwenye anatafuta kazi kwake. Na HCR haiuzishe kitu: kuandikishwa kama mukimbizi ao kupelekwa inchi ya tatu ni bure.

Congratulations, you have won: umeshinda. Kama haukucheza, haukushinda.

Urgent: haraka sana. Mwizi hataki ulale na jambo, juu asubui utauliza kaka yako.

Next of kin, beneficiary: muriti, mwenye kupokea. Mara nyingi ni mwanzo wa hadisi ya marehemu tajiri.

PIN, OTP: kode ya siri, na kode ya mara moja. Hakuna ajenti wa kweli mwenye anapaswa kukuomba hizo.

Too good to be true: hili ni la upande wetu. Ni kusema kitu ni kizuri kupita kipimo, basi hakiwezi kuwa cha kweli.

Kama umeliwa tayari, haya isikufunge kinywa. Usifute mesaji; chunga namba, tarehe na risiti, kisha piga ku kampuni ya telefone wafunge namba yako. Ku parke, neno la kutumia ni escroquerie. Kifungu cha 98 cha sheria ya makosa ya Kongo kinaliazibu mupaka miaka 5 ya gereza, na tangu mwezi wa Machi 2023 inchi iko pia na sheria ya mambo ya numerike. Na mbele ya yote, ambia watu wa grupe yako jina na namba yenye ilikuliza. Mwizi wa telefone hatoshekake na mutu mumoja. Jirani yako ndiye anafuata.